Mzee wangu alichimba makaburi ya mtaa mzima, siku yake ilipofika ndugu wakataka tumpeleke Songea

Mwanzisha uzi

Wakuu habari za jioni. Juzi tumemaliza arobaini ya baba kule Mlimba, tangu nimerudi Dar kichwa hakijatulia, usingizi wenyewe wa kuokoteza, nikaona bora niandike. Jina lake nitaliacha, ila ukishuka stesheni ya Mlimba ukaulizia mzee wa sululu hata mtoto wa darasa la pili anakupeleka mpaka mlangoni. Uzi ni mrefu, mwenye haraka zake apite tu sitamlaumu.

Baba alizaliwa 1951 Songea vijijini, upande wa Peramiho. Alisoma mpaka darasa la saba, akabaki nyumbani analima mahindi na babu, mwishoni mwa 1971 wakapita watu kuandikisha vijana wa kwenda kujenga Reli ya Uhuru, hii TAZARA tuliyojengewa na Wachina, akajiandikisha, bibi alilia wiki nzima. Alivofika Mlimba reli kutoka Dar ilikuwa imeshafika pale na mbele ndo kuna milima yenyewe. Mnaopanda TAZARA mnajua, ukitoka Mlimba kwenda Makambako treni inaanza kupanda, mnaingia handakini giza, mnatoka mko juu ya daraja, kabla hujakaa vizuri handaki lingine. Kwenye kilomita zote 1,860 za Dar mpaka Kapiri Mposhi hicho ndo kipande kilichowatoa watu jasho kuliko vyote na baba alikuwa humo, kijana wa miaka 20.

Alikuwa anatuambia Mchina hakupoteza muda kuongea, alikuwa anashika sululu mwenyewe anapiga unaangalia, anakupa na wewe upige, ukikosea anaichukua anapiga tena. Hajakasirika wala hajacheka. Na baba alitulea hivohivo. Sikumbuki kukaa chini kupewa mawaidha, nakumbuka kushikishwa vitu mkononi. Kufunga tairi la baiskeli, kupanga kuni zisinyeshewe, kunyoosha ukuta wa tofali kwa kamba, yote kanishikisha.

Kule kambini jioni vijana wengi walikuwa hawajui kusoma, enzi hizo nchi nzima iko kwenye elimu ya watu wazima, basi yeye na darasa lake la saba akawa mwalimu wa kisomo. Ubao ni kipande cha bati kimepakwa masizi. Kuna mzee mmoja alisimama kwenye msiba akasema mimi huyu marehemu ndo aliyenifanya siku ya mshahara niandike jina langu, mpaka siku hiyo nilikuwa naweka kidole gumba. Mzee wa miaka karibu 80 anasema hivo huku ameshika kofia kifuani. Mimi hilo nilikuwa silijui, baba hajawahi kulisema.

Reli ilipokabidhiwa rasmi mwaka 1976 wenzake wengi walirudi makwao na visanduku vyao vya bati, yeye akaajiriwa kwenye genge la matengenezo ya njia. Ila ukweli alikuwa ameshamuona mama, binti wa Kindamba pale bondeni, baba yake analima mpunga. Mahari alilipa kidogokidogo kwa miaka 3, babu mzaa mama alikuwa anasema huyu Mngoni hajawahi kupitisha mwezi.

Sasa nije kwenye kitu kilichonifanya nikae niandike, KIKAPU.

Kazi ya genge ni kukaa porini. Unabadilisha mataruma, unashindilia kokoto, unafyeka majani, unakagua njia kwa miguu au kwa kiberenge, kile kigari kidogo cha relini, kambi yao ilikuwa huko juu kwenye milima kuelekea Uchindile, nyumbani anakuja mwisho wa mwezi siku mbili tatu anarudi. Tumezaliwa watano na kwa hesabu yangu utoto wetu wote baba kalala nyumbani siku chache sana. Lakini kila Ijumaa kulikuwa na treni ya wenyeji, kipisi, ile inayosimama kila mahali, akina mama wa mchele na ndizi ndo treni yao. Baba alikuwa na ukindu wake (ndo hicho kikapu) aliosukiwa na shangazi, mkono mmoja ulikatika akaufunga kwa waya wa simu, anampa gadi wa kipisi, sisi tunakwenda stesheni kuupokea. Ndani kuna vitu vya kawaida tu, sabuni, chumvi, asali wakipata, siku nyingine nyama ya digidigi iliyokaushwa. Na chini kabisa, imekunjwa mara nne, karatasi ya hesabu.

Ndiyo wakuu, hesabu. Kila mtoto na swali lake kwa umri wake, mwandiko wa kulala kulia. Mfano wangu mmoja nautunza mpaka leo: "Kiberenge kimetoka Mlimba saa 1 asubuhi. Kinakwenda kilomita 20 kwa saa. Genge liko kilomita 35. Kitafika saa ngapi?" Nilikuwa darasa la tano, nikahangaika nayo siku mbili, nikaandika saa 2 na dakika 45. Jumatatu mama anajaza ukindu mchele na dagaa, karatasi zinawekwa juu, unarudi mlimani. Ijumaa ile nikapata majibu, ameweka vema, na chini kaandika: "Sahihi. Lakini tulifika saa 4 kwa sababu tulitoa kiberenge relini kupisha treni. Ukiwa njiani weka na muda wa kusubiri."

Sasa mvua za El Nino, mwishoni mwa 1997 kuingia 1998. Wanaokumbuka wanakumbuka. Tuta la reli likaliwa na maji, treni zikasimama, barabara ya Ifakara ndo usiseme, baba yuko juu na genge lake usiku na mchana kwenye kokoto na mawe. Ijumaa ya kwanza tukaenda stesheni hamna kitu. Ya pili hamna. Mdogo wangu wa mwisho alikuwa ana miaka 6 akawa anagoma kurudi nyumbani, anakaa kwenye benchi la stesheni mpaka steshenimasta anambeba. Wiki sita. Kilipopita kiberenge cha kwanza kushuka, ukindu ukaja umelowa, mama akatoa sabuni, akatoa chumvi imeganda kama jiwe, chini kukawa na karatasi SITA. Kila moja na tarehe ya Ijumaa yake. Jamaa alikuwa anaandika kila Ijumaa na treni haipo.

Mi nina watoto wawili sasa hivi, nalala nao nyumba moja kila siku, na nakwambieni kuna wiki inaisha sijawauliza hata swali moja.

Upande wa mtaani ndo huo wa sululu. Sijui ilianza lini. Ninavyojua mimi, akisikia kilio, awe likizo au awe amestaafu (alistaafu 2011), anachukua sululu yake, beleshi, futi, kamba na pima maji, anakwenda. Hakuna kuitwa. Mwislamu, Mkristo, mpagani, mgeni aliyekuja kulima vibarua akafa hana ndugu, yeye hakuuliza. Kwa Waislamu alikuwa anasikiliza wao wanataka mwanandani ukae vipi, anachimba walivosema. Alikuwa hataki kaburi la ovyo. Vijana wakichimba ukuta ukatoka na tumbo anashuka mwenyewe kuuchonga, anaweka pima maji chini anaangalia kile kipovu, mtu anamwambia mzee hapa anashushwa maiti si reli, anajibu kwani huyu aliishi amelala upande? Na baada ya mazishi haondoki na wengine. Anarudi jioni kwa wafiwa anakaa tu kwenye mkeka, haongei sana, siku tatu zote mpaka tanga linaanuliwa.

Ile sululu ncha yake imelika imebaki fupi, mpini kabadilisha sijui mara ngapi.

Amefariki ana miaka 74. Presha, halafu kiharusi, siku nne hospitali akaondoka. Na hapo ndo likaanza jambo ambalo nataka maoni yenu, baba mdogo na shangazi walifika kutoka Songea usiku wa kwanza na wakasema wazi, ndugu yetu anarudi nyumbani, gari ya kumbeba tumeshaongea na dereva. Ukumbi mzima ukanyamaza. Naomba nipumzike kidogo nitaendelea.

Mchangiaji #2

Pole sana mkuu, umenitoa machozi niko ofisini. Mi nimekulia Mang'ula na kipisi ndo kilitusomesha, mama alikuwa anapanda na mikungu ya ndizi anarudi na mchele. Hao magadi walikuwa wanabeba dunia nzima, barua, dawa, kuku, mpaka mtoto wa shule anakabidhiwa gadi ashushwe Ifakara. Ila hilo la karatasi sita limenimaliza. Mungu ampumzishe mzee.

Mchangiaji #3

Pole kwa msiba ndugu. Nisamehe nikienda kinyume na wengine, mimi naona baba mdogo wako alikuwa na haki. Kwetu Uchagani mtu hata afie wapi anarudishwa kihambani, yaani shamba la ukoo, hata kama kaishi Dar miaka 50 na watoto hawajui Kichaga. Sio ushamba. Yule aliyebaki kijijini anatunza makaburi ya wazee, na yeye anahesabu nani yuko pale na nani hayupo. Kijana aliondoka 1971 bibi akalia wiki nzima umeandika mwenyewe, sasa bibi ndo asirudishiwe mwanae hata akiwa amekufa? Siandiki kukuumiza.

Mchangiaji #4

Poleni sana kutoka Kenya. Hii stori ya wapi pa kuzika sisi tuliiona kubwa na kesi ya wakili S.M. Otieno. Alifariki Desemba 1986, mke wake Wambui akataka kumzika Upper Matasia kule Ngong kwa shamba lao, ukoo wa Umira Kager wakasema ni Mjaluo lazima aende Nyalgunga, Siaya. Walienda kortini mwili uko mochari zaidi ya miezi mitano, ukoo wakashinda, akazikwa Mei 1987 na mke hakuenda mazishi. Wazee wangu wakiizungumzia mpaka leo wanagawanyika kwa meza. Kwa hivyo mkimaliza kwa usiku mmoja bila korti mshukuruni Mungu. Tuambie ilikuwaje.

Mwanzisha uzi

Asanteni sana, nimesoma zote. #3 hujaniumiza hata kidogo, na nitakuwa muongo nikisema baba mdogo alikuja kwa ubaya. Alikuja na maneno yaleyale uliyoandika. Alisema pembeni ya kaburi la babu pana nafasi tumeiacha makusudi. Alisema kaka ametuma pesa kila mwaka ya kuezeka nyumba ya mama mpaka mama amekufa, mtu anayeezeka nyumba maana yake anategemea kurudi. Na shangazi, yule aliyesuka ukindu, akasema kitovu chake kiko kule nimekiona kikizikwa kwa macho yangu. Wewe ungejibu nini hapo? Mimi nilikaa kimya. Kaka yangu mkubwa alianza kupandisha sauti nikamshika goti.

Baba hakuacha wosia. Mama tulimuuliza akasema hajawahi kuniambia, tulikuwa tunaongea ya waliohai. Halafu akainama.

Wajomba zangu wa Kindamba nao wakaogopa kusema, maana kwa mila zao mkwe ni wa ukoo wake alikozaliwa, wakitia neno itaonekana wanapora maiti ya watu. Ikafika kama saa 6 usiku, mvua inanyesha, watu wamejibanza chini ya turubai. Akanyanyuka mzee mmoja jirani, mwenyeji kabisa wa pale, mguu mmoja mbovu, watu wakamsogezea kiti akakataa. Akasema hivi, nayaandika kama nilivoyasikia:

"Wageni wetu tunawaheshimu, ndugu ni wenu. Mimi kaburi la mke wangu alichimba yeye. La mwanangu alichimba yeye, mvua kama hii, alikuwa anachota maji kwa sufuria. Hapa chini ya turubai nani ana maiti wake pale makaburini ambaye huyu hakumchimbia?" Akanyamaza. Hakuna mtu aliyenyosha mkono. "Mkimchukua mtamchimbia huko na mtamchimbia vizuri. Sisi tubaki tunamdai nani?"

Akakaa.

Nilimwangalia baba mdogo, alikuwa ameangalia chini anakwaruza matope kwa kiatu. Ni shangazi aliyeongea. Akauliza yako wapi hayo makaburi. Saa 6 usiku, mvua! Vijana wakawasha tochi za simu, wakampa mwavuli, tukaenda naye watu kama ishirini, yule mzee naye na mguu wake. Shangazi akawa anapita kaburi moja moja anamulika, anauliza hili? Watu wanamjibu, hili ni la fulani, alichimba yeye. Na hili? Yeye. Na hili dogo? Yeye. Sijui kama alipita kumi na tano au ishirini. Mwisho akasimama sehemu moja chini ya mwembe akasema kaka yangu hatakuwa mgeni hapa. Akalia. Ndo mara ya kwanza mimi kulia tangu msiba uanze, nilikuwa bize na mahesabu ya chakula na turubai.

Baba mdogo alikubali kwa sharti moja, kwamba siku ya kuzika achukue udongo wa lile kaburi apeleke Songea auweke pale kwenye ile nafasi pembeni ya babu. Alichukua kabla hatujaanza kufukia, akafunga kwenye leso nyeupe, akaweka mfuko wa shati. Njia nzima alikuwa anaushika. Aliponipigia kwamba ameufikisha hakuniambia kingine chochote, alisema tu "tayari baba", akakata.

#4 asante kwa hiyo ya Otieno, sikujua kwamba mke hakwenda hata mazishini. Nimefikiria sana mama yangu angekuwa kwenye hali hiyo.

Mchangiaji #5

Kaka shikamoo kama umenizidi, marahaba kama nimekuzidi. Sululu je? Nani alichimba?

Mchangiaji #3

Nimesoma. Hilo la udongo sikuwahi kulifikiria. Nafuta niliyosema kuhusu bibi, bibi amerudishiwa. Pole tena ndugu yangu.

Mchangiaji #6

Mi ni binti wa mtu wa reli pia, Makambako, hao baba zetu wa genge walikuwa na harufu moja, mafuta ya mashine na moshi wa kuni. Nimesoma nikaisikia. Mama anaendeleaje kaka? Usimwache peke yake huu mwezi wa pili ndo mbaya, wa kwanza watu wanakuwepo.

Mwanzisha uzi

#6 asante dada kwa hilo, umesema kweli kabisa hiyo harufu, shati lake lipo kwenye kabati mama hataki lifuliwe. Mdogo wetu wa mwisho, yule wa kwenye benchi la stesheni, amehamia pale na mwanae, ni mwalimu wa shule ya msingi kwa hiyo ameomba uhamisho. Anafundisha hesabu.

#5 sululu ni hivi. Asubuhi ya kuchimba vijana walikuja saa 11 alfajiri wanaiomba, kumbe watani wameshawahi, mama mmoja ameikalia chini kabisa anasema chombo hiki kimefiwa hakifanyi kazi leo mpaka kilipwe. Tukatoa elfu tano, akadai na sabuni ya kukiogesha, tukatoa sabuni, kweli akakiosha. Ndo wakachimba nayo. Mimi na kaka tulishuka tukachonga ukuta, futi na kamba yake mwenyewe, na kaka akaweka pima maji chini. Kipovu kilikuwa kimeegemea upande wa magharibi kidogo. Vijana wakasema inatosha kaka, watu wanasubiri kanisani. Kaka akasema leteni beleshi. Tukakwangua mpaka kikakaa katikati, ndo tukapanda.

Baada ya arobaini kikao cha ndugu kilitaka sululu nipewe mimi nije nayo Dar kama kumbukumbu. Nikaibeba mpaka stesheni. Nimekaa pale kwenye benchi nasubiri treni, imechelewa masaa manne, nikairudisha nyumbani nikaiweka nyuma ya mlango ilipokuwa.

Leo mchana nimempigia mama, tukaongea ya kuku na ya mpunga, nikamuuliza na sululu ipo? Akasema haipo, imetoka tangu asubuhi, kuna msiba kule ng'ambo ya reli, kijana wa jirani kaja kuichukua. Nikamuuliza na pima maji kachukua? Akasema subiri niangalie, nikasikia anatembea, kandambili zinapiga sakafu, mlango ukalia.

"Kachukua."